Fulana ya Wiki ya Kwanza

Kama umewahi kugombana na fundi wa nguo, basi huyu ninayetaka kukusimulia unamjua hata kama hujamwona kwa macho. Kibanda chake kiko mwisho wa barabara ya maduka, mlango wa kijani, ndani mna cherehani mbili, moja ya mguu na moja ya umeme ambayo ole wako uiguse. Watu wanamwita Mama Nafasi. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, alipewa na wateja, kwa sababu kila akimaliza kukupima na kuning'iniza tepu shingoni, husema neno hilo hilo: "Nimekuachia nafasi." Mpelekee kitambaa cha sare ya mtoto wa darasa la kwanza, atakushonea sare ya kuvaliwa mpaka darasa la nne. Ukilalamika kwamba mikono inafunika vidole, atakukodolea macho.

"Kwani mtoto wako hakui? Umepanga abaki hivyo hivyo?"

Na akosee wapi yeye! Miaka thelathini na tano ameshona, na katika miaka hiyo yote hakuna binadamu aliyewahi kumsikia akisema nimekosea. Mteja akirudi na sketi, akasema mama, inabana, jibu liko tayari kabla hajamaliza kuitoa kwenye mfuko. "Sketi haijakosea. Umenenepa wewe." Na ukibisha, anafungua daftari la vipimo, anakuonyesha namba aliyoandika siku ile, anakupima tena hadharani, na namba mpya anaitangaza kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. Wengi huondoka kimya kimya. Jirani yake wa kibaraza, mzee anayetengeneza saa, ambaye kila mtu anamwita Fundi Saa, amefaidi sana ugomvi huo. Akisikia tu neno "inabana" anavua kioo chake cha jichoni, anageuza kiti, anakaa mkao wa kutazama.

Mama Nafasi alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, msusi wa nywele mwenye mikono myepesi na maneno machache, na huyo binti aliolewa na fundi bomba mwenye maneno machache zaidi. Miaka minane walikaa bila mtoto. Mama Nafasi hakuwahi kuuliza, maana ana mdomo lakini ana akili pia. Siku binti alipokuja kibandani akasema, "Mama, nadhani utakuwa bibi," yule mwanamke aliinuka, akafunga mlango wa kijani mchana kweupe, akalia mpaka Fundi Saa akagonga kuuliza kuna msiba gani. Miezi iliyofuata alishona nguo ishirini na mbili za mtoto mchanga. Zote zina nafasi.

Siku ya kujifungua alikuwa amekaa kwenye benchi la wodi, kapu la nguo mapajani. Muuguzi akatoka, akamwita pembeni. "Mama, binti yako mzima. Mtoto naye mzima, analia vizuri na ananyonya. Lakini kuna kitu, nataka ukione ukiwa umetulia."

Hebu fikiria kuambiwa utulie namna hiyo. Aliingia na kapu lake mkononi.

Mtoto alikuwa wa kike, na uso wake ulikuwa mzuri kabisa, pua ndogo ya mviringo, na kwa pua hiyo bibi yake akamwita Kifungo tangu dakika ile. Muuguzi akafunua shuka. Upande wa kushoto wa tumbo la mtoto, juu kidogo ya kitovu, palikuwa pameota miguu mingine miwili. Midogo, imekunjwa magotini, vidole vyote vimetimia, na juu yake kipande cha nyonga kilichoungana na tumbo la mtoto. Hapakuwa na kichwa wala mikono. Miguu ile haikuchezacheza, lakini Mama Nafasi alipoigusa kwa nyuma ya kidole aliikuta ina joto.

Akashika ukingo wa kitanda, akamtazama binti yake, na binti yake alikuwa akimtazama yeye, anasubiri kuona uso wa mama utasema nini. Hapo ndipo ninapompendea huyu mwanamke. Alipiga moyo konde, akaweka kapu chini, akasema, "Haya. Zile nguo zangu hazitamfaa. Nani ana tepu humu ndani?"

Binti akacheka huku machozi yanamtoka. Mkwe, aliyekuwa amesimama kwenye kona tangu alfajiri, akaketi kwa mara ya kwanza.

Siku ya tano walipelekwa hospitali kubwa, kwa daktari wa upasuaji wa watoto, mwanamke mrefu anayeongea taratibu na kuangalia mtu usoni. Aliwaeleza bila kuwazungusha. "Walianza wakiwa pacha. Mmoja akakua kama kawaida. Mwenzake akaishia njiani, akabaki ameshikana na ndugu yake, anaishi kwa damu ya ndugu yake. Tunamwita pacha tegemezi. Ni jambo la nadra sana, linatokea tu. Si laana, si kitu alichokula mama, si kitu alichofanya baba. Akija mtu kuwaambia vingine, mwambieni aje anione mimi."

"Anaweza kutolewa?" mkwe aliuliza. Hiyo ndiyo iliyokuwa sentensi yake ndefu kuliko zote wiki hiyo.

"Anaweza. Nimeangalia picha, hawagawani ini wala utumbo, wamegawana ngozi, mfupa kidogo na mshipa wa damu. Lakini mtoto bado mdogo sana kwa dawa ya usingizi. Nataka afike kilo saba, tuseme miezi minne. Sasa nisikilizeni vizuri." Akainua kidole. "Moyo ni mmoja, unasukuma damu ya miili miwili. Akiwa anakua, kusubiri ni kuzuri. Asipokua, kusubiri ni hatari, moyo utachoka. Mkiona hakui, msingoje tarehe yangu. Njooni siku hiyo hiyo."

Mama Nafasi alilishika neno hilo.

Jioni ile alimpima Kifungo kwa tepu, pole pole, kila pahali, na akashona fulana ya pamba nyeupe inayofunguka mbele kwa vifungo vitatu, na upande wa kushoto akaweka mfuko laini wa ile miguu miwili, usivute wala usibane. Daktari alikuwa amesema nguo isiwe na mikunjo ya kusugua pale walipoungana. Kwa hiyo fulana hiyo aliishona sawasawa na mwili, bila nafasi hata ya uzi. Ilikuwa nguo ya kwanza ya namna hiyo kutoka mikononi mwake, na ilimkaa mtoto vizuri ajabu. Binti akaificha baadaye kwenye droo kama kumbukumbu.

Baada ya hapo kila Jumamosi Kifungo alipata fulana mpya. Mtaani watu walisema waliyosema. Kuna mteja mmoja aliyekuja kuchukua gauni lake, akainama kwenye cherehani akanong'ona, "Lakini mama, hivi hamjaenda kuuliza nani kawafanyia hivi?" Mama Nafasi akamkabidhi gauni lake likiwa na mkono mmoja tu umeshonwa. "Chukua. Mwingine utashonewa na huyo unayetaka nikamuulize." Fundi Saa alisimulia habari hiyo wiki nzima.

Sasa nikwambie kosa lilipoingia, maana liliingia, na liliingia kwa mlango ambao fundi peke yake angeuacha wazi.

Mteja asipokuwapo, fundi hahangaiki. Anachukua nguo yake ya zamani, anailaza juu ya kitambaa kipya, anaizungushia chaki, anaongeza kidogo, anakata. Mafundi wote hufanya hivyo. Na Kifungo kila Jumamosi alikuwa amelala fofofo, nani angemwamsha mtoto wa watu kwa tepu ya baridi? Kwa hiyo wiki ya pili Mama Nafasi alilaza fulana ya kwanza, akazungusha chaki, akaongeza nusu kidole mabegani, kifuani na pindoni, nafasi ya kukua. Wiki ya tatu akalaza fulana ya wiki ya pili, akaongeza nusu kidole. Wiki ya nne vivyo hivyo. Na kila alichokata akakiandika kwenye daftari. Mabega. Kifua. Urefu. Namba zikawa zinapanda wiki kwa wiki, na yeye moyo unapanda nazo. Fulana zilikuwa zinapwaya, lakini nguo za Mama Nafasi zikipwaya nani atashangaa?

Kwenye kliniki ya mtaa mizani nayo ilimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kilo zilipanda vizuri. Muuguzi wa kliniki, dada mchapakazi mwenye foleni ya akina mama mpaka nje ya geti, alitaka kumlaza Kifungo kwenye ubao ampime urefu na kifua, mtoto akalia kwa sauti ya kukata roho kwa sababu ile miguu ilibanwa. Mama Nafasi akamnyang'anya.

"Muache mtoto. Vipimo hivi hapa, andika. Mimi ni fundi, miaka thelathini na tano."

Muuguzi akaangalia foleni, akaangalia daftari lenye namba safi zilizopangwa kwa tarehe, akaandika. Ikawa ndiyo desturi yao. Kadi ya mtoto ikajaa namba za fulana.

Binti peke yake ndiye aliyekuwa na wasiwasi. "Mama, mbona anatoka jasho akinyonya? Hata asubuhi na baridi hii, kichwa chote kinalowa. Halafu anachoka haraka, anaachia ziwa."

"Joto la mwili. Hata wewe ulikuwa hivyo. Tazama namba hizi." Akamfungulia daftari. "Namba hazidanganyi."

Loo, Mama Nafasi!

Wiki ya kumi na moja aliamua kumshonea gauni. Rangi ya njano, kola ya mviringo, mfuko wa pembeni umefichwa kwenye marinda mpaka usingejua kuna kitu. Akaenda nalo kwa binti yake baada ya chakula cha mchana. Wakamvalisha Kifungo kitandani, na binti alipomwinua akae, gauni likateleza begani, likashuka mpaka kiwikoni. Tundu la shingo lilikuwa linapitisha mabega yote mawili.

Mkwe akatabasamu. "Mama, leo umeacha nafasi ya watoto wawili."

Alitania tu, maskini, wala hakuwa mtu wa utani. Lakini Mama Nafasi hakucheka. Gauni kubwa kwa kidole kimoja, sawa, ni yeye. Gauni la kuanguka, hapana, hajawahi kushona nguo ya kuanguka hata alipokuwa mwanafunzi. Akavua tepu shingoni, akampima Kifungo mabega. Akaangalia namba. Akapima tena.

"Ile fulana ya kwanza iko wapi?"

"Ipi mama?"

"Ya wiki ya kwanza! Lete!"

Binti akaitoa kwenye droo. Wakamvalisha. Na fulana aliyoshonewa mtoto wa siku tano, bila nafasi hata ya uzi, ikamkaa mabegani mtoto wa wiki kumi na moja kama ilivyomkaa siku ile. Vifungo vya juu viwili vikafunga bila kuvuta. Cha chini kikakataa, kwa sababu ule mfuko wa kushoto ulikuwa umejaa mpaka mshono unataka kufumuka. Ile miguu miwili ilikuwa imenenepa. Mapaja yamejaa, vifundo vimeingia ndani ya nyama.

Mizani ilikuwa inawapima wote wawili. Aliyekuwa anakua ni yule wa mfukoni. Kifungo, mwenye moyo, mwenye pua, hakuwa amekua.

Binti akamtazama mama yake, na safari hii uso wa mama haukuwa na la kumtuliza. "Tunakwenda sasa hivi," Mama Nafasi alisema. "Na fulana hiyo asivuliwe."

Hospitali kubwa walifika alasiri. Karani wa mapokezi akafungua kitabu, akafuata mstari kwa kalamu. "Tarehe yenu bado wiki tano, mama. Kadi inaonyesha mtoto anaendelea vizuri, uzito unapanda, vipimo vinapanda. Hii ni kadi nzuri sana."

"Ni kadi ya uongo," Mama Nafasi alisema.

"Samahani?"

"Nimesema ya uongo. Uongo wangu mwenyewe. Niitie daktari."

Karani alikuwa bado anaigeuza kadi mkononi pale daktari mrefu alipotokea mwisho wa korido, koti mkononi, anakwenda zake nyumbani. Mama Nafasi hakungoja kuitwa. Alimfuata kwa mwendo wa kufa kupona, akasimama mbele yake, na yule mwanamke ambaye hajawahi kumkubalia kosa mteja hata mmoja alisema yote palepale, watu wanasikia.

"Daktari, nimekosea. Ulisema tukiona hakui tuje. Mimi nilikuwa sipimi mtoto, nilikuwa napima nguo. Kila wiki nalaza fulana ya zamani, naongeza nafasi, naandika. Nikampa muuguzi namba zangu akaziandika kwenye kadi. Nilikuwa napima nafasi yangu mwenyewe. Mtoto yuko pale. Amevaa fulana niliyomshonea ana siku tano. Inamtosha." Akamwonyesha kwa kidole. "Inamtosha, daktari."

Daktari akavaa tena koti lake jeupe.

Alimpima Kifungo mwenyewe. Akasikiliza moyo muda mrefu, akafunga macho, akasikiliza tena. Akamuuliza binti, "Anatoka jasho akinyonya?" Binti akaitikia kwa kichwa, akaanza kulia. Daktari akamshika bega. "Wewe uliona. Macho yako yaamini siku zote." Akamgeukia Mama Nafasi, aliyekuwa amesimama ukutani kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. "Moyo umeanza kupanuka. Haujachoka, umeanza tu. Mngekuja tarehe ya kwenye kitabu, sidhani kama ningekuwa na la kufanya."

"Ni mimi," Mama Nafasi alisema.

"Namba ni zako, ndiyo. Na mizani ni yetu, na mimi ndiye nilipaswa kusema mapema kwamba mizani haitajua nani ni nani. Kosa hilo tugawane. Lakini mama, hii fulana nayo ni yako. Na hiyo ndiyo iliyowaleta."

Kifungo alilazwa jioni hiyo. Siku tatu walimtayarisha, wakamsaidia moyo kwa dawa, na siku ya nne, saa mbili asubuhi, wakamwingiza chumba cha upasuaji. Muuguzi aliwaletea nguo zake zimekunjwa. Juu kabisa ilikuwa fulana ya wiki ya kwanza.

Korido ile ilikuwa na viti vya plastiki vilivyounganishwa kwa chuma, ukitikisika wewe anatikisika na mwenzako wa mwisho. Binti alikaa katikati. Mkwe alikuwa anatazama bomba moja lililokuwa likivuja tone tone chini ya sinki la kunawia, anatazama tu, mpaka saa nne akashindwa kuvumilia, akatoa spana mfukoni, akalikaza. Hakuna aliyemuuliza. Kila mtu alihitaji kitu cha kushika.

Mama Nafasi alishika ile fulana. Akatoa sindano na kimkasi kidogo kwenye mkoba, akaanza kufumua mfuko wa upande wa kushoto, uzi mmoja mmoja.

"Mama," binti alisema polepole, "si ungesubiri kwanza?"

"Nisubiri nini? Akitoka mle ndani atakuwa hana haja ya mfuko. Avae nini?" Alisema kwa ukali, lakini sindano ilimchoma mara mbili. Alikuwa anaogopa kuliko binti yake. Alikuwa anajua kwamba mtoto asipotoka, hatashona tena maishani, na alikuwa hajamwambia mtu. Mfuko ulipotoka akaukunja mraba, akauweka mkobani. Kisha akaziba ubavu wa fulana kwa mishono midogo kabisa, ya mkono. Hakuongeza nafasi.

Saa nane na robo mlango ulifunguka. Daktari alikuwa na alama ya barakoa puani na mgongo umemwinama. Akawatafuta kwa macho, na kabla hajafika alikuwa ameanza kutabasamu, Mungu amjalie, maana wapo madaktari wanaokutunzia tabasamu mpaka mwisho wa maelezo.

"Yuko salama. Moyo ulipata mapumziko mara tu tulipofunga ule mshipa. Tuliuona sote kwenye mashine."

Binti alimwangukia mumewe. Fundi bomba alisema "asante" mara ngapi sijui, maneno yake ya mwaka mzima aliyatumia pale. Mama Nafasi alisimama, akakaa, akasimama, akamshika daktari mikono yote miwili, ile mikono iliyofanya kazi kwa saa sita, akaigeuza akaitazama viganja. Fundi humjua fundi. "Umeshona kwa mshono gani?" aliuliza.

Daktari akacheka. "Mdogo mdogo, mama. Ungeupenda."

Kisha daktari akasema kuna jambo moja la kuwauliza. Ile miguu miwili. Hospitali inaweza kuishughulikia, au waichukue wenyewe wakitaka. Binti na mumewe wakatazamana, hawakuwa wamefikiria hilo. Mama Nafasi akatoa kile kitambaa cha mraba mkobani.

"Tutamzika. Mfungeni kwa hiki. Ni chake tangu mwanzo, nilimshonea yeye."

Ndivyo walivyofanya. Hakumchukia. Hata leo akimzungumzia husema "yule mwenziwe", kwa upole, na husema alikuwa hana njia nyingine ya kuishi, hakujua kama anamnyima mtu. Siku ya kumzika alimwambia asante kwa kukubali kuachia. Binti alimsikia.

Walirudi nyumbani baada ya wiki tatu, Kifungo na kovu refu tumboni na fulana ya wiki ya kwanza mwilini. Fundi Saa alikuwa amefagia kibaraza chote, hata upande usio wake. Muuguzi wa kliniki alikuja mwenyewe na ubao wake wa kupimia, na Mama Nafasi akamshikia mtoto miguu, akalia mtoto, akalia bibi, vipimo vikaandikwa. Alimshonea muuguzi koti jeupe la kazi, na kwa daktari akapeleka kofia sita za chumba cha upasuaji za kitambaa chenye maua madogo. Kofia zote zilimtosha sawasawa. Nasikia daktari anazo mpaka leo na hamwazimi mtu.

Lakini fulana ile hakuitupa. Kila Jumamosi binti alipoleta mtoto kibandani, Mama Nafasi alimvalisha hiyo kwanza. Hakutaka tena namba, alitaka fulana. Jumamosi ya kwanza, vifungo vikafunga. Ya pili, vikafunga. Ya tatu vikafunga, na siku hiyo alishona kola moja mara nne na kumfokea mteja asiye na hatia. Ya nne kifungo cha juu kilisitasita, kikaingia. "Hata usiniambie," alimwambia binti, "ni tundu limekaza kwa kufuliwa." Alikuwa ameapa hatajidanganya tena.

Jumamosi ya saba palikuwa na wateja wawili kibandani, na mmoja wao alikuwa ameleta suruali yenye matatizo, anatafuta namna ya kuanza. Binti akaingia na Kifungo begani. Mama Nafasi akaacha suruali ya watu, akamlaza mtoto juu ya meza ya kukatia, akamvua, akachukua fulana. Mkono wa kulia ukaingia kwa shida. Wa kushoto akausukuma, ukakwama kiwikoni, Kifungo akapiga kelele za hasira, mapaja yake mawili, mawili tu, yanapiga hewani. Bibi akaikutanisha fulana kifuani. Pande mbili hazikukutana. Akavuta. Kati ya kifungo na tundu lake palibaki tumbo zima la mtoto, na kovu lake, na upana wa vidole vinne.

"Inabana," Mama Nafasi alisema.

Nje, kiti kiligeuzwa. Fundi Saa alikuwa ameshavua kioo chake. "Nani analalamika tena humo?" akauliza, shingo ameiingiza mlangoni. "Nani huyo hajui alipoingia?"

"Inabana, mzee!" Alikuwa anacheka na machozi yanadondokea kwenye meza, kwenye chaki, kwenye suruali ya watu. "Njoo uone! Imekataa! Imekataa kabisa!"

Kisha akamwinua Kifungo mpaka pua zao zikagusana, mtoto bado ameng'ang'aniwa na fulana kiwikoni, amenuna, yuko tayari kulia tena. Na Mama Nafasi akamjibu vile vile alivyowajibu wateja wake wote kwa miaka thelathini na tano.

"Usinilaumu mimi, mama. Fulana haijakosea. Umenenepa wewe."